Breki ya kupampu si breki

Ukipata nafasi ya kuketi kando ya dereva wa gari kuukuu, usitazame barabara. Utazame mguu wake wa kulia. Anapotaka kusimama, mguu huo hukanyaga mara moja, ukaachilia, ukakanyaga tena, na wakati mwingine ukaongeza mara ya tatu. Hapo ndipo gari hukubali kupunguza mwendo.

Ukimuuliza mbona anafanya hivyo, atakujibu bila wasiwasi wowote: "Hili gari ndivyo lilivyo. Ukilizoea halina shida."

Maneno hayo nimeyasikia kutoka kwa madereva wa pikapu za kubeba mboga, wa malori ya mchanga na hata wa magari ya harusi. Niliyasikia pia kwa miaka mingi kutoka kwa kaka yangu mkubwa, kuhusu Land Rover aliyotuachia marehemu baba. Na kwa sababu ya maneno hayo, nusura tumzike mama yetu.

Gari lenyewe ni pikapu ya chesisi ndefu ya miaka ya 1970, aina ambayo waliokua nyakati hizo wataikumbuka ikiendeshwa na polisi na maafisa wa kilimo. Siku hiyo ilikuwa ya soko. Kaka alikuwa amepakia magunia ya kabichi, na mama ameketi mbele na kikapu chake mapajani. Walikuwa wakiteremka barabara ya vumbi inayopita kati ya mashamba ya chai huko Limuru.

Penye kona ya chini walikuta mkokoteni wa punda ukivuka. Kaka akakanyaga breki. Pedali ikaenda hadi sakafuni. Akapampu mara ya pili na ya tatu. Ikabaki huko huko.

Alichofanya ni kuteremsha gia hadi ya pili, kuvuta handibreki kwa nguvu zake zote na kulielekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Kabichi zilitapakaa barabarani. Mwenye punda aliruka mtaroni. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko.

Nilipowasili jioni kutoka Nairobi nilimkuta mama jikoni akichagua maharagwe. Hakumlaumu mtu. Alisema jambo moja tu: "Baba yenu hakuwa akipampu."

Usiku huo nililala nikiyafikiria maneno hayo, na Jumamosi iliyofuata nilivaa ovaroli.

NGUVU YA MGUU INAKOTOKA

Kabla ya kushika spana, yafaa mtu aelewe anachokwenda kutengeneza. Waliosoma fizikia katika Kidato cha Kwanza chini ya mfumo wa 8-4-4 watakumbuka mada ya shinikizo, na jina la Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662. Yeye ndiye aliyeeleza kwamba ukisukuma kioevu kilichofungiwa chomboni, msukumo huo husambaa kwa usawa kila upande.

Breki za gari ni kanuni hiyo hiyo. Pedali husukuma pistoni iliyo ndani ya silinda kuu, ile ambayo mafundi huiita masta. Mafuta ya breki yaliyomo hupita katika mapaipu membamba hadi kwenye silinda ndogo iliyo katika kila gurudumu. Silinda hiyo nayo husukuma viatu viwili vya breki, vyenye umbo la mwezi mchanga, vikabana ukuta wa ndani wa dramu inayozunguka na gurudumu.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme mguu wako unasukuma kwa nguvu ya nyutoni 200, na pedali ikaikuza mara 5 kwa kuwa ni wenzo. Nguvu inayofika kwenye silinda kuu ni nyutoni 1,000. Ikiwa pistoni yake ina eneo la sentimita mraba 4, shinikizo ni nyutoni 250 kwa kila sentimita mraba. Pistoni ya gurudumuni yenye eneo la sentimita mraba 5 itasukuma kiatu kwa nyutoni 1,250. Na hiyo ni pistoni moja tu kati ya kadhaa. Hivyo ndivyo mguu wa mama mzee unavyoweza kusimamisha gari la tani 2.

Magari ya kwanza hayakuwa na bahati hiyo. Yalitumia vyuma na nyaya za kuvutwa, na ilikuwa kazi ngumu kuyafanya magurudumu yote yashike kwa pamoja. Mwaka 1917 Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za mafuta, na mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ikaziweka katika magurudumu yote manne ya gari lake la Model A. Jina la Loughead baadaye liliandikwa Lockheed, na wauzaji wa spea wa siku nyingi wanalijua kutoka kwenye mikebe ya mafuta ya breki.

Siri yote imo katika jambo moja: kioevu hakikubali kubanwa. Hewa hukubali. Povu dogo la hewa likiingia katika paipu, mguu wako hulibana povu hilo badala ya kusukuma viatu. Ndipo mtu huanza kupampu.

PEDALI HAISEMI UONGO

Wengi hudhani breki mbovu ni ugonjwa mmoja. La hasha. Pedali hueleza yenyewe kinachoiuma, mradi mguu wako ujue kusikiliza.

Ikiwa pedali ni laini kama unakanyaga sifongo, na inapanda kidogo kidogo unapopampu, kuna hewa ndani. Ikiwa inashuka chini sana mara ya kwanza, lakini mara ya pili inakuwa juu na ngumu, huenda viatu vimelika na viko mbali na dramu. Vinahitaji kukazwa au kubadilishwa.

Ikiwa inashika vyema, kisha inazama polepole huku mguu umetulia juu yake, kuna mahali mafuta yanatoroka. Ama yanavuja nje, ama mipira ya ndani ya silinda kuu imechakaa na mafuta yanarudi nyuma kimya kimya. Ikiwa gari linavutwa upande mmoja unapofunga breki, upande wa pili haushiki. Pengine kiatu kimelowa mafuta au pistoni imekwama kwa kutu.

La kuogofya zaidi ni kwamba magari mengi ya zamani yana mkondo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne hubaki bila breki. Magari ya baadaye yaliwekewa mikondo miwili, ili mmoja ukifa mwingine uokoe roho ya watu. Letu lina mkondo mmoja.

Nilipoinama chini ya gari sikuhitaji kutafuta sana. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa na michirizi ya unyevu upande wa ndani wa tairi. Kaka alikiri kwamba kwa muda mrefu amekuwa akiongeza mafuta ya breki kila wiki. Gari zima halinywi mafuta ya breki. Ukiona yanapungua kila wiki, jua yanavuja.

MAWE KABLA YA SPANA

Nilikuwa na msaidizi mmoja, binti yangu ambaye alikuwa sekondari. Vifaa vyetu vilikuwa jeki, stendi mbili za chuma, spana, bisibisi, kipande cha mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa ya plastiki, spiriti, vitambaa safi na mkebe mpya wa mafuta ya breki.

Jambo la kwanza ni mahali. Chagua uwanja ulio sawa na mgumu. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe makubwa au magogo, mbele na nyuma. Na katika Land Rover za zamani, usitegemee handibreki. Handibreki yake haifungi magurudumu, bali hufunga shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliacha lizunguke, na gari laweza kubiringika ilhali handibreki imevutwa. Watu wamebanwa hivyo.

Aidha, usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Likishainuka, liweke juu ya stendi, kisha ulisukume kwa mkono uone kama linatikisika.

Dramu ilikuwa imeshikiliwa kwa skrubu tatu. Nilipoiondoa, vumbi jeusi lilijaa ndani. Hapa nawasihi wasomaji: usipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Viatu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo huharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, kisha ukitupe kitambaa hicho mahali watoto hawatakishika.

Chini ya vumbi ukweli ulionekana. Mipira ya silinda ilikuwa imelegea, na mafuta yamelowesha viatu vyote viwili. Nilipoisafisha silinda kwa spiriti niliona vishimo vya kutu ukutani mwake. Mipira mipya ingewekwa humo ingekatika baada ya muda mfupi. Silinda yenye vishimo hubadilishwa nzima.

Kaka alipendekeza tuvioshe viatu kwa petroli tuvirudishe. Haifai. Kiatu kilichonywa mafuta huyatoa tena kinapopata moto. Isitoshe, viatu hubadilishwa pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, la sivyo gari litavutwa upande.

Basi nikashuka hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, nikiwa na silinda kuukuu mfukoni ili nilinganishe. Nilikuwa nimeonywa kuhusu spea bandia, kwa hivyo nililipa zaidi kwa duka linalotoa risiti na linalokubali kurudishiwa. Katika spea za taa unaweza kubahatisha. Katika spea za breki usijaribu.

Kufunga silinda mpya si kazi ngumu. Kabla ya kuondoa viatu, chora au piga picha kwa simu uone kila springi iko tundu gani. Mipira ilainishwe kwa mafuta ya breki yenyewe, kamwe si grisi wala mafuta ya injini, kwa maana hayo huifanya mipira ivimbe na kuoza. Viatu visishikwe kwa mikono yenye mafuta. Dramu ikishafungwa, boliti ya kukazia viatu huzungushwa mpaka gurudumu lishike, kisha hulegezwa kidogo tu hadi lizunguke.

"KANYAGA!" "NIMEKANYAGA!"

Sasa tulikuwa tumefika kwenye kazi inayowashinda wengi, yaani kutoa hewa. Binti yangu aliketi kwenye usukani, mimi nikalala nyuma ya gurudumu. Katika kila silinda kuna skrubu ndogo yenye tundu. Unaivisha mpira ule mwembamba, na ncha ya pili ya mpira unaizamisha katika chupa yenye mafuta safi kidogo.

Utaratibu wake ni huu. Aliye ndani anakanyaga pedali na kuishikilia. Aliye nje analegeza skrubu. Mafuta na mapovu yanatoka, na pedali inazama. Skrubu inakazwa kwanza, ndipo mguu unaachilia. Mkikosea mpangilio huo, hewa inafyonzwa tena ndani. Kwa hivyo lazima mzungumze kwa sauti.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

"Achilia!"

Mnaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kwa magari yetu yenye usukani wa kulia, kwa kawaida ni la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia, la mbele kushoto, na la mwisho ni la mbele kulia. Majirani walidhani tunagombana.

Tulikuwa gurudumu la tatu binti alipopaza sauti: "Baba, imekuwa laini tena!"

Nilikimbia kutazama kichupa cha mafuta juu ya silinda kuu. Kilikuwa kikavu. Kwa furaha ya kuona mapovu yakitoka, nilisahau kuongeza. Silinda kuu ilikuwa imevuta hewa, na kazi ya saa nzima ikawa bure. Tulianza upya kutoka gurudumu la kwanza, na safari hii kaka akapewa kazi moja tu: kukilinda kichupa.

Mafuta yaliyotoka awali yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yakiwa mapya, yale ya alama ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140 na 155.

Hii ndiyo sababu breki zinazofanya kazi vizuri mjini huweza kukataa katikati ya mteremko mrefu kama ule wa kuelekea Mai Mahiu. Dereva hukanyaga mfululizo, breki hupata moto, maji yaliyomo kwenye mafuta huchemka na kuwa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Pedali huenda sakafuni ilhali hakuna kilichovunjika. Ndiyo maana inashauriwa mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo.

Tahadhari nyingine ni kwamba mafuta hayo hubabua rangi ya gari na ni sumu. Tuliyotoa hayakurudishwa garini hata tone, na chupa ya soda haikutumiwa kuyawekea, maana mtoto haulizi kabla ya kunywa.

YA KUMWACHIA FUNDI

Si kila breki ni ya kutengenezewa nyumbani. Malori makubwa hutumia hewa iliyoshindiliwa, na ndani ya vyumba vya breki zake mna springi kali zinazoweza kumuua anayezifungua bila ujuzi. Magari mapya yenye breki za kompyuta mara nyingi huhitaji mashine ya kuyatoa hewa. Mambo hayo mwachie fundi aliyesomea.

Aidha, kataa ile mbinu ya kando ya barabara ambapo paipu ya gurudumu linalovuja hukunjwa na kupondwa ili magurudumu matatu yaendelee. Gari kama hilo huyumba upande mmoja siku utakayofunga breki kwa ghafla. Wengine humimina maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki. Maji hayo hutia kutu, na huchemka mapema.

Hata kazi uliyoifanya kwa mikono yako, mwonyeshe mwingine. Nasi tulimwita fundi mmoja mzee wa jua kali, aliyewahi kulitengeneza gari hili enzi za baba. Nilitarajia atalala chini akague. Badala yake alipanda, akakanyaga pedali kwa nguvu mara moja, akatulia. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Alipofika 60 pedali haikuwa imeshuka hata kidogo.

"Sasa nenda pole pole hapo kwenye tambarare," akasema. "Usipakie mtu. Simama mara kumi, kisha urudi uangalie kama kuna palipolowa."

Tulifanya hivyo, na hakuna palipolowa. Siku chache baadaye kaka alilipeleka gari likakaguliwe rasmi, jambo ambalo sheria inawataka wenye magari ya biashara walifanye kila mwaka na ambalo yeye alikuwa amelikwepa kwa visingizio chungu nzima.

Gharama yote ya silinda, viatu na mafuta ilikuwa ndogo kuliko bei ya kabichi zilizomwagika siku ile. Si umaskini uliotufanya tukose breki kwa miaka hiyo yote. Ni mazoea. Gari lilitueleza kila asubuhi kwamba linaumwa, nasi tukaliitikia kwa kupampu.

Siku ya soko iliyofuata mama alisimama mlangoni pa gari na kikapu chake, hapandi. Alimtazama kaka akikanyaga pedali mara moja, ikakaa juu, ngumu. Akamwambia aachilie, akanyage tena. Ikawa vile vile.

Ndipo alipopanda, akafunga mlango.